Kulabu ya Fundi Jumbe

Siku mpiga picha alipokuja kutoka Tanga, Fundi Jumbe Safari aliambiwa asogee. Kwanza aliambiwa asogee kidogo kushoto, kisha nyuma, kisha karani Shekhe akamjia na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba Bwana Miwani anaomba asimame pembeni kabisa, kule kwenye mapipa ya oili, mpaka kazi iishe. Akaenda kusimama huko na kitambaa chake cha kufutia grisi mkononi. Akamtazama yule mzungu, injinia wa shamba, akiweka kiganja juu ya chombo alichokibuni Jumbe, akitabasamu kama mtu aliyemshika bega mwanawe.

Picha ilitoka kwenye gazeti la wenye mashamba ya mkonge. Shekhe aliukata ukurasa akauleta nyumbani kwa Jumbe, kambini, maana alikuwa mtu mwema kwa mambo yasiyomgharimu. Jumbe alikuwa kazini. Aliyeupokea ni mkewe, Saleha, aliyesoma chuoni akajua herufi za Kiarabu lakini hizi za kizungu hakuzijua.

"Pameandikwaje hapa?"

"Kwamba Bwana Miwani amebuni chombo cha kuzuia watu wasikatwe mikono na korona. Na kwamba ameomba hati huko London. Akishapewa, hakuna atakayekitengeneza ila kwa ruhusa yake."

"Hakuna hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Hata aliyekitengeneza mwanzo?"

Shekhe akakohoa, akasema ameacha kazi nyingi ofisini.

Saleha alibaki mlangoni na ule ukurasa. Pembeni mwa picha aliona kiwiko cha mtu, kiwiko tu, na kipande cha kitambaa. Akakitambua kitambaa.

Korona ndiyo mashine ya kukamua mkonge. Majani yanalazwa juu ya mnyororo unaotembea, mnyororo unayapeleka kwenye magurudumu ya visu, na upande wa pili zinatoka nyuzi. Kombo, mdogo wake Saleha, alikuwa mpanga majani. Mwaka wa hamsini na tatu, asubuhi moja, mnyororo ulimvuta na mkono wa kulia ukaenda. Tangu hapo alikaa kwa dada yake na kufagia uwanja wa kiwanda. Jumbe hakumpa pole kwa maneno. Alikaa miezi minne akigonga vyuma vya gari bovu nyuma ya nyumba, hata akatoka na ubao unaokaa mbele ya kifua cha mpanga majani. Mtu akivutwa, kifua kinagonga ubao, ubao unasukuma fimbo ya chuma, fimbo inauondoa mkanda wa injini kwenye gurudumu lake, na mashine inasimama. Akakifunga chombo kile kwenye korona moja, na wafanyakazi wakakiita Subiri.

Jioni Jumbe alionyeshwa ukurasa. Alinawa, akasali, akala. Kisha akasema, "Kesho nitaomba ruhusa. Twende Tanga, tukamwone wakili."

*

Wakili alikuwa Mhindi wa makamo, ofisi yake juu ya duka la vitambaa, na Kiswahili chake kilikuwa cha mtu aliyezaliwa papo hapo. Safari ya kwanza aliwasikiliza, akaagiza nakala ya mchoro kutoka London; safari ya pili aliwakaribisha tena viti wote wawili. Mgongo wa Saleha haukugusa kiti.

"Nani alichora michoro aliyoipeleka?"

"Mwenyewe," Jumbe alijibu. "Alikuja Jumapili moja na karatasi, akaizunguka mashine, akachora. Wiki ileile nikaondolewa korona nikapelekwa kwenye matrekta. Changu kikang'olewa, akaleta vipya vitatu vilivyotengenezwa kwa ule mchoro wake."

Nakala ilikuwa imefika. Akaitandaza mezani. Jumbe aliinama, akafuata mistari kwa kidole kilichopasuka kwa grisi, polepole, kama anayetafuta mwiba. Ghafla akacheka. Saleha alikuwa hajasikia kicheko kile muda mrefu.

"Kulabu haimo."

"Kulabu gani?"

"Subiri ina springi ya kuirudisha fimbo mahali pake. Kulabu ndiyo inayoikamata springi isirudi, mpaka mtu aje aifungue kwa mkono wake. Bila kulabu mashine inasimama, sawa. Lakini yule aliyevutwa akijinyoosha kidogo tu kurudi nyuma, ubao unarudi naye, mkanda unarudi, mashine inaondoka tena. Na mkono wake bado umo ndani." Akagonga karatasi kwa kidole. "Jumapili ile nilikuwa nimeichomoa. Ilikuwa imelika, nikaipeleka nyumbani kuifua upya. Yeye akachora alichokiona."

"Hukumwambia?"

"Nilikwenda ofisini kwake mara mbili. Niliambiwa hana nafasi."

Wakili akaegemea kiti chake. Macho yalimng'aa. "Fundi, sikiliza vizuri. Aliyebuni kitu anajua kila kipande kimewekwa kwa nini. Huyu hajui hata kwamba kuna kipande kimepungua. Huo ndio ushahidi wako, na huna mwingine. Nitaandika kupinga. Mpaka jibu lije, kulabu hiyo isionwe na mtu. Akiipata leo, kesho ataichora na kusema ni yake, nasi tutabaki na maneno matupu."

"Jibu litachukua muda gani?" Jumbe aliuliza.

"Miezi. Sita, labda zaidi."

Saleha aliinua uso kutoka kwenye karatasi. "Na watu wanaofanya kazi pale, je?"

Wakili akaigeuzageuza kalamu yake. "Mama," alisema kwa upole, "mimi ni wakili wa mumeo."

*

Kulabu ilikuwa ndogo, urefu wa kidole cha shahada, imepinda kama ukucha wa mwewe. Saleha aliifunga kwenye kitambaa akaiweka chini ya kanga zake sandukuni. Siku za mwanzo alisahau kama ipo. Kisha akaanza kusikia mambo.

Jirani yao wa ukuta kwa ukuta alikuwa Tadeo, kijana wa bara aliyekuja na mkataba wa mkonge, na mkewe Bertha. Tadeo alikuwa mpanga majani kwenye korona namba mbili. Jioni moja alipita na ndoo yake, akamwamkia Jumbe.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Za kazi?"

"Kazi sasa nyepesi, fundi. Zamani tulikuwa tunasimama mbali, tunayatupa majani kama tunamlisha chui. Siku hizi tunasogea mpaka kwenye meno. Nyapara mwenyewe anasema tusogee, Subiri ipo."

Jumbe aliitikia kwa kichwa. Saleha, aliyekuwa akipepeta mchele, akauweka ungo chini.

Usiku wakiwa watatu, Saleha, Jumbe na Kombo, alisema, "Wanasogea karibu zaidi kuliko wakati hakukuwa na kitu."

"Nimesikia," Jumbe akasema.

"Mpelekee, bwanangu. Au mwambie hata nyapara."

"Nikimwambia nyapara nimemwambia Bwana Miwani."

Kombo alikuwa amekaa kwenye mkeka, kigutu cha mkono kimelala juu ya goti. "Asimwambie mtu," alisema. "Dada, chuma kile kimetoka kwenye mkono huu. Mkono wangu ndio ulioliwa, si wa mzungu. Wakimnyang'anya shemeji, wamenikata mara ya pili."

"Na akikatwa mwingine?"

"Mimi nilipokatwa nani alikosa usingizi? Walimwaga maji, wakaendelea na kazi."

Saleha alimtazama mdogo wake, yule aliyembeba mgongoni Pangani akiwa mtoto. Jumbe aliipunguza taa. "Ni miezi sita tu, Mama Mwanasiti," alisema, akimwita kwa jina la binti yao aliyeolewa Pangani, kama afanyavyo akitaka kubembeleza. "Mungu atawahifadhi."

*

Jumbe aliitwa Tanga kwenda kuapa mbele ya hakimu kwamba maneno aliyoyaandika wakili ni yake. Akaondoka Jumatatu na lori la machungwa, arudi Jumatano.

Jumanne kabla ya adhuhuri king'ora cha kiwanda kililia isivyo saa yake. Wanawake wakatoka majumbani. Saleha alikuwa kwenye bomba, akaiacha ndoo ikifurika. Watu wanne walikuja wamembeba Tadeo kwenye turubai, wakapita wakielekea zahanati ya shamba, na Bertha alikuwa nyuma yao bila viatu. Mkono wa Tadeo ulikuwa umeviringishwa shati la mtu, na shati lilikuwa limebadilika rangi.

Alipoteza vidole viwili. Mganga alisema ana bahati, angeweza kupoteza mkono mzima.

Alasiri Bertha alirudi kuchukua shuka. Saleha aliingia chumbani kwake, akamkuta amekaa sakafuni, shuka mapajani. Akakaa naye.

"Mama Mwanasiti," Bertha alisema, "wewe ni mke wa fundi, labda unajua. Tadeo anasema mashine ilisimama. Anaapa ilisimama kabisa, akamshukuru Mungu, akajivuta kutoa mkono. Ndipo ikaondoka tena. Kwa nini iliondoka tena, wakati ilikwisha kusimama?"

Saleha aliinua macho. Aliona vumbi likielea kwenye mwanga wa dirisha. Akasikia mlio wa kiwanda ukianza upya kwa mbali, maana zamu ya alasiri ilikuwa imeingia, na mahali pa Tadeo alikuwa amesimamishwa mtu mwingine.

"Nipishe," alisema, akainuka. "Narudi sasa hivi."

Alifungua sanduku, akazitupa kanga kitandani, akaichukua kulabu. Alipogeuka, Kombo alikuwa mlangoni.

"Unaipeleka wapi?"

"Unajua ninakoipeleka."

"Hiyo si mali yako."

"Wala si yako. Nipishe, Kombo."

"Shemeji anarudi kesho. Mngoje. Siku moja tu!"

"Leo asubuhi ilikuwa siku moja tu pia."

Kombo hakusogea. Saleha alimtia bega kama alivyokuwa akimsukuma utotoni, akapita. Alitembea jua kali kichwani, buibui halikumjia hata akilini, na hilo watu walilisema baadaye kuliko mengine yote.

Hakuwa amewahi kuingia kiwandani. Kelele zilimpiga kifuani. Bwana Miwani alikuwa kwenye korona namba mbili pamoja na Shekhe na nyapara, akiandika maelezo ya ajali. Saleha alikwenda moja kwa moja akanyoosha kiganja.

"Mwambie," alimwambia Shekhe, "mashine zote tatu zisimame. Hiki ndicho kilichopungua."

Shekhe akatafsiri, jasho likimtoka. Mzungu aliichukua kulabu. Aliigeuza, akaileta karibu na miwani, akaiinamia Subiri. Aliijaribu huku, haikukaa. Aliijaribu kule, ikaanguka chini. Mashine ilikuwa imesimamishwa, na wapanga majani walikuwa wamekusanyika, na kila mmoja alimwona yule aliyepigwa picha akitafuta mahali pa kuiweka na hapaoni. Uso wake ukawa mwekundu. Akamtazama Saleha. Lakini Saleha pia hakujua inakaa wapi. Alijua tu kwamba inahitajika.

Ndipo watu wakapisha, Kombo akapita katikati yao. Hakumtazama dada yake. Aliiokota kulabu sakafuni kwa mkono wake wa kushoto, akapiga goti, akaingiza mkono chini ya ubao, akaipachika penye springi, kama alivyomwona Jumbe akifanya nyuma ya nyumba. Ikalia kidogo ilipokaa. Akausukuma ubao, fimbo ikaenda, kulabu ikakamata. Akauvuta ubao kwa nguvu zake zote, haukurudi.

"Hivyo," alisema. Akasimama, akatoka nje.

Bwana Miwani alitoa daftari mfukoni, akaanza kuchora.

*

Jumatano jioni Saleha alimpokea mumewe kwa maji ya kuoga na chakula. Hakumwambia mpaka alipomaliza kula. Kisha akamwambia yote, tangu king'ora mpaka daftari, bila kujipunguzia.

Jumbe alisikiliza, kichwa kimeinama. Hakupaza sauti, na Saleha angependa aipaze.

"Jana niliapa mbele ya hakimu," alisema. "Nilishika msahafu. Wakili alisema tutashinda, Saleha. Alisema tutashinda."

"Najua."

"Ungeningoja."

"Zamu ya alasiri ilikwisha kuingia."

"Usiku mmoja tu. Ningerudi, ningesikia habari za Tadeo, ningeitoa mwenyewe kwa mkono wangu." Akainua uso. "Huamini kwamba ningeitoa?"

Saleha alifikiri kabla ya kujibu, kwa sababu aliona anastahili jibu la kweli. "Sijui," alisema. "Ndiyo maana sikukungoja."

Jumbe akainuka akatoka nje. Alilala barazani usiku ule, na usiku uliofuata.

Kwa Bertha ilikuwa vibaya zaidi. Alisikia habari kiwandani kama kila mtu. Walikutana kwenye bomba, kila mmoja na ndoo yake.

"Ilikuwa nyumbani kwako siku zote?"

"Ilikuwa nyumbani kwangu."

"Unapika, unaniazima chumvi, nayo imo ndani?"

"Imo ndani."

Bertha alingoja, labda aongezewe neno. Saleha aliinamia ndoo yake. Bertha akaitwaa ndoo yake ambayo haijajaa, akaenda zake, na tangu siku hiyo akawa anateka maji bomba la mbali, la upande wa pili wa kambi.

Baada ya wiki mbili Jumbe aliitwa ofisini. Juu ya meza palikuwa na karatasi na kidau cha wino. Shekhe alisoma: mimi Jumbe Safari nakubali kwamba chombo kile nilikitengeneza kwa maagizo na mawazo ya injinia, pamoja na kulabu yake. Bwana Miwani alikuwa amesimama dirishani, akitazama nje.

"Weka dole gumba hapa," Shekhe alisema.

"Najua kuandika jina langu."

"Basi andika."

Jumbe aliichukua kalamu, akaangalia mstari, akairudisha kalamu mahali pake, ikiwa sambamba na karatasi. "Mwambie Bwana, kulabu ilikwenda kwa ajili ya watu. Jina langu haliendi nayo."

Walipewa siku saba kuihama nyumba ya shamba. Siku ya kuondoka, Tadeo alikuja kusaidia kupakia kitanda kwenye lori, mkono mmoja ukiwa bado kwenye bendeji. Bertha hakutoka. Saleha alitazama mlango wake mpaka lori lilipopinda.

*

Walipata chumba Usagara, mjini Tanga. Jumbe akawa anatengeneza injini za malori kwenye uwanja wa mtu, na Kombo akawa mwita wateja. Kazi ilikuwepo. Jumbe alirudi kulala ndani, alizungumza na mkewe habari za soko, za binti yao, za mvua. Habari ya kulabu haikutajwa. Ilikaa kati yao kama mgeni asiyeaga.

Wakili alikuwa ameipeleka barua ya kupinga hivyohivyo, ingawa alisema mikono yake imefungwa. Alimwomba Shekhe aandike aliyoyaona siku ile kiwandani, jinsi mzungu alivyoshindwa kuipachika. Shekhe alijibu kwamba ana watoto sita, na kwamba siku ile jua lilikuwa linampiga machoni.

Jibu la London lilikuja mwezi wa saba tangu kuapa. Wakili aliwaita wote wawili. Aliwasomea polepole, akitafsiri. Injinia alikuwa amepeleka mchoro mpya wenye kulabu, na ameeleza vizuri kazi yake. Mpingaji hakuleta ushahidi wa kutosha. Hati imetolewa. Kwenye hati palikuwa na namba ndefu, na jina moja.

"Pole, fundi," wakili alisema. "Nimefanya niliyoyaweza."

"Umefanya," Jumbe alisema. "Ahsante."

Waliteremka ngazi, wakapita duka la vitambaa, wakashika njia ya Usagara. Jua lilikuwa limesimama katikati, na barabara ilikuwa na watu wachache. Jumbe alitembea mbele kidogo kama kawaida yake. Walipofika kwenye reli akapunguza mwendo, mpaka wakawa sawa.

"Miezi saba," alisema.

Saleha alidhani anailalamikia barua kuchelewa. "Wana kazi nyingi huko," alisema.

"La. Sikiliza." Alikuwa anatazama mbele. "Usiku ule uliniambia hujui. Mimi nilikasirika kwa sababu nilijua. Ningerudi Jumatano, ningemwona Tadeo, ningelia naye. Kisha ningesema, tungoje kidogo, labda mwezi ujao. Na mwezi ujao ningesema hivyohivyo. Ningekaa nayo sandukuni, Saleha. Ningekaa nayo mpaka leo hii."

Saleha aliendelea kutembea. Alihesabu kimoyomoyo, bila kutaka: mashine tatu, zamu mbili, siku zote zile. Alipomtazama mumewe aliona machozi yamemfika kwenye ndevu, naye hayafuti, barabarani, mchana kweupe, watu wakipita.

Akamshika mkono. Hawakuwa watu wa kushikana mikono mbele za watu, na mwanamke mmoja mwenye kapu aligeuka kuwatazama. Walivuka reli hivyohivyo, wameshikana, wakaendelea kuelekea nyumbani.